Leso Juu ya Zulia la Bibi Dorothy

Jumatatu, 3 Machi
Uji wa Bibi Dorothy saa mbili, dawa, kisha vumbi. Lile zulia la ukutani siligusi. Lina miaka mia tatu na thamani kubwa kuliko kijiji chetu. Limefumwa picha: wanawake saba wanaoga mtoni, uchi wa mnyama. Mwindaji kawachungulia, mungu wao wa kike kamwotesha pembe. Amestahili.

Jumatano, 5 Machi
Bibi anataka ushirika wetu wa akina mama ufanyike hapa Jumamosi. Ati asikie nyimbo. Nilishukuru kabla ya kufikiri. Mwenyekiti wetu, Mama Kendi, aliwahi kukataa kuketi sebule moja ya mtaa wa Harborne, hapa Uingereza, kwa sababu ya kalenda yenye picha za waogeleaji. Nimekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Nilijaribu kuwafunika wale wanawake wa zuliani kwa leso, pini zilikataa. Nikapanda stuli, nikashona. Leso tatu, uzi wa kahawia usionekane. Wote sasa wamesitirika, shingoni hadi vifundoni. Bibi alikuwa amelala.

Jumamosi, 8 Machi
Ushirika ulifana. Bibi alipiga makofi, mara nyingi pasipofaa. Mama Kendi alilitazama zulia kwa muda mrefu. Akasema, "Ubatizo. Na shetani huyo, ona anavyotoroka." Nikasema amina. Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi
Kufumua. Uzi wangu kahawia, zulia nalo kahawia. Nilivuta mmoja ukaja, ukazidi kuja. Mungu wa kike sasa hana kidole gumba cha mguu.
Nimelia jikoni. Keshokutwa anakuja fundi wa mazulia ya kale, kulikagua. Kibali changu cha kukaa nchini kimefungamana na kazi hii. Ikienda, naenda.

Jumatatu, 10 Machi
Sikula. Naogopa. Nitakiri mwenyewe, basi.

Jumanne, 11 Machi
Fundi alikuja na lenzi yake. Alipofika mguuni aliisogeza lenzi karibu zaidi. Nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi: "Ni mimi. Niliuvuta uzi."
Ule mguu uko juu kuliko kichwa changu. Bibi hajasimama bila mimi tangu Krismasi. Fundi alimtazama, akatazama kigari chake cha kutembelea, akaandika hivyo hivyo. Kidole kitafumwa upya.
Alipoondoka nilianza kushukuru. Bibi alisema kwa umri wake hawezi tena kuanza kumzoea mtu mwingine. Kisha akaomba chai. Nikaenda kuitengeneza.