Mizinga Saba Katika Msitu wa Mbung'o

Kaka Masanja,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya uchovu. Hii ni mvua ya pili tangu tukuzike. Kaburi lako limebaki msituni. Sisi tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara ya Usoke. Nyumba zimepangwa mstari, vichaka vimefyekwa vyote. Mbung'o hakuna tena. Nyuki nao hakuna.

Unakumbuka uliponifundisha kurina asali? Mimi nalia chini ya mti kwa kuogopa nyuki, wewe uko juu na moshi wako, unacheka. "Kalunde, nyuki anapiga kelele kwanza ili ukimbie. Na akikuuma, anakufa yeye." Mbung'o alipokutua shingoni ulimpiga kofi tu, ukaendelea na kazi. Tulimwona nzi, basi. Halafu ukaanza kusinzia mchana, jembe mkononi, uji mdomoni. Mama akakuita mvivu. Hatukujua ni malale, ugonjwa aletao mbung'o. Mpaka leo mama hajajisamehe.

Juzi mwenyekiti wa kijiji aliagiza mizinga yako ishushwe, iletwe huku, iwe ya wote. Mama akanikataza: "Msitu umeshanilia mtoto mmoja." Nikaenda hivyo hivyo na wanaume wawili, nimejifunga kanga mpaka usoni. Kaka, mizinga saba, yote imejaa! Hakuna aliyethubutu kuingiza ng'ombe mle wala kukata miti, kwa kuogopa mbung'o. Nikaelewa jambo ambalo sikulitaka: mdudu aliyekuua ndiye aliyewalindia nyuki wako msitu. Nilikaa chini nikalia. Nilitaka kumchukia kwa moyo mmoja, hata hilo limenishinda.

Tulirina, lakini hatukushusha mzinga hata mmoja. Nilimwambia mwenyekiti, "Ukiwaleta nyuki huku watakula nini, vumbi?" Alikasirika, mwishowe akakubali tuwe tunakwenda kurina kwa zamu, asali iwe ya kijiji. Nimeridhika. Sina nguvu ya kudai zaidi.

Mama ameweka sharti moja: kila nikitoka msituni nikapimwe damu zahanati. Naenda. Vidole vyangu vimejaa alama za sindano.

Pumzika, kaka. Kaburi nimelipalilia. Mizinga nitaitunza, na damu nitapima hata nichoke vipi. Mama ameshazika mtoto mmoja. Nakuahidi, hatazika wa pili.

Mdogo wako,
Kalunde