Jalada la Babu wa Juu Halijafungwa

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Sema marahaba kwa sauti, hapo hapo kwenye banda lako la mahindi, hata kama basi limesimama na abiria wanagonga vioo. Mimi mdogo wako Rajabu ni mzima, kitambi kipo, nywele ndizo zimekwenda. Baridi ya huku ughaibuni inanivalisha soksi mbili mbili na bado natembea kama kuku aliyenyeshewa. Hapo Mkata mvua zimeshuka? Mihogo ya bondeni imepona nguruwe? Na kifua chako je? Hilo la mwisho usilijibu kwanza, nitalirudia.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi nilianza kukueleza mkasa wa kazini, sijafika hata katikati, ukanikatiza: "Rajabu, wamekwambia ubonyeze, bonyeza! Ule, ulale, usitutie aibu." Halafu ukakata simu, ati mteja anataka chenji. Barua haikatwi. Itakufikia kwa mkono wa muuguzi mmoja wa kwetu Korogwe anayekuja likizo, na nimemwagiza asiondoke hapo bandani mpaka akuone umevaa miwani, ile unayoificha abiria wasikuite bibi.

Basi sikubonyeza. Nimeanza na jibu ili haya mengine uyasome ukiwa umeshakasirika.

Kwanza nikueleze tena kazi yangu, maana najua muuza kahawa wa hapo stendi anawaambia watu kwamba mdogo wako anapaa na roketi. Mwambie mimi nikipanda ngazi kubadilisha taa nashikwa na kizunguzungu. Wanaopaa ni wenyewe wanaanga. Mimi ni karani wa kumbukumbu za afya zao. Mtu akikaa huko juu kwa miezi, mifupa yake inapungua nguvu, macho yanabadilika, na mwili unapigwa na mionzi ambayo sisi huku chini tumekingwa nayo. Madhara mengine hayaonekani leo wala kesho. Yanamjia mtu akiwa mzee, anamwagilia nyanya zake. Kwa hiyo wanapimwa kabla ya kwenda, wanapimwa wakirudi, kisha kila mwaka mpaka siku ya kuzikwa. Yote yanaingia kwenye kompyuta: picha za macho, vipimo vya mifupa, damu. Kila mmoja ana jalada lake, na mimi kazi yangu ni kuona kipimo cha leo kinakaa jirani na kile cha zamani, daktari atazame kilichobadilika. Sipimi mtu, sitibu mtu. Nikishika sindano watakimbia mpaka wenye mifupa mibovu.

Mwaka huu umenunuliwa mfumo mpya, na majalada yanahamishwa. Mkuu wetu ni mama mchapakazi, kwa umri ni mdogo wangu, hana ubaya wowote ila ana haraka. Akaleta agizo: wastaafu ambao wameacha kuja kupimwa, na wakiulizwa kwa barua pepe wanajibu kwamba hawana tatizo, wasihamishwe. Majalada yao yafungwe. Jalada likifungwa linakwenda ghalani, hata daktari kulipata ni kwa kuomba na kungoja, na mwenyewe hapigiwi simu tena wala haitwi. Kila karani afunge ya kwake. Ni kubonyeza tu.

Kwenye fungu langu alikuwemo mzee mmoja. Jina sikuambii, nimekula kiapo, na wewe ukiambiwa jambo asubuhi, mchana limeshafika Mazingara. Tumwite Babu wa Juu. Kila mwaka anaandika maneno yale yale: niko sawa, asanteni.

Dada, mimi na wewe tumelelewa wapi? Kwetu ukimuuliza mtu hujambo, atakwambia sijambo hata kama amebebwa kwenye machela. Atakuuliza watoto, utamuuliza shamba, mtapita kwenye mvua, mifugo na majirani, mtayarudia kwa Kizigua yale yale mliyoyasema kwa Kiswahili, ndipo atashusha pumzi aseme, "Wazima, ila huu mguu..." Jibu la kwanza ni adabu. Habari yenyewe inakaa nyuma ya salamu. Huku wanauliza mara moja, wanaandika, wanafunga.

Nikampigia simu. Kuthibitisha anwani ni kazi yangu, kwa hiyo anwani nikaithibitisha, kisha nikaendelea. Nakutafsiria.

"Nyumbani hawajambo, mzee?"

"Niko peke yangu. Mke wangu alifariki."

"Pole sana. Na mbwa huyo ninayemsikia?"

"Mzee kama mimi. Kijana, unauza bima?"

Ameniita kijana, dada! Nikampenda hapo hapo.

"Siuzi kitu."

"Sasa unataka nini?"

"Nakusalimia. Bado sijamaliza. Bustani je?"

Akacheka. Akanieleza nyanya zake, theluji iliyovunja uzio, na jirani anayejifunza tarumbeta bila mafanikio. Akataka kujua kwetu mtu anaitikiaje salamu, nikamfundisha sijambo, akaitamka kama mtu mwenye jiwe mdomoni. Mimi nikamweleza mahindi yako na jinsi unavyowashinda vijana mbio kufika dirisha la basi. Kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza, kama alivyokuwa akifanya baba. Mtu akinyamaza humharakishi.

"Nikisoma gazeti," akasema, "mistari inajikunja."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu niliporudi chini mara ya mwisho. Ilianza kidogo. Ukitaja macho hupandi tena, nikasema niko sawa. Baadaye hata kupanda sikuwa napanda, lakini nilishazoea kusema niko sawa." Akakohoa kidogo. "Hilo usiliandike."

"Nisipoliandika, mzee, nitakuwa nimekupigia simu ya umbea."

Mbwa akabweka. "Haya," akasema. "Andika."

Nikaandika mstari mmoja tu: mwenye jalada anaomba kuonana na daktari wa macho.

Mkuu akaniita.

"Rajabu, kuthibitisha anwani kumekula asubuhi nzima?"

"Nilikuwa nasalimia."

"Maelezo ya mgonjwa yanachukuliwa na daktari, si karani."

"Kabisa. Ndiyo maana nimemwombea daktari."

"Orodha imeshapitishwa. Lifunge. Akitaka, aje ajiandikishe kama mgonjwa mpya."

Hapo ndipo aliponigusa, dada. Mgonjwa mpya hana jana. Picha za macho yake za kabla hajapaa zingebaki ghalani, daktari angetazama jicho la mzee aliyekaa mbele yake, aseme ni uzee, ampe miwani, kwa heri.

Na mimi nikamwona baba. Unaikumbuka zahanati ya lile shamba la mkonge upande wa Korogwe, wakati baba yuko chumba cha brashi, wanakosafishia singa, zile nyuzi za mkonge, anarudi jioni vumbi lake limemfanya kope nyeupe kama msaga unga? Kadi za wafanyakazi zilikaa kwenye sanduku la mbao. Shamba likapata mmiliki mpya, wakasema walioacha kazi kadi zao hazina maana tena, wakazitia kiberiti nyuma ya zahanati. Kifua kilipombana kweli kweli, daktari wa hospitali akamuuliza kilianza lini, alipimwa wapi zamani. Wewe ndiye uliyekuwa umemshika bega. Baba akajibu nini? "Sijambo, mwanangu, ni mafua tu." Wala hapakuwa na karatasi ya kumbishia. Hakuna aliyekusudia kumdhuru. Walilifunga jalada lake tu, wakaendelea na kazi zao. Halafu leo nifunge mimi, mtoto wake, kwa kidole changu?

"Silifungi," nikamwambia mkuu.

"Unataka nikuandikie barua ya onyo?"

"Andika. Mimi ni karani, napenda mambo yaandikwe."

Akaandika kweli. Onyo ninalo, nimelibandika juu ya meza yangu. Lakini taratibu zao wenyewe zinasema karani akikataa kwa maandishi, jalada halifungwi mpaka madaktari walitazame. Nikakataa kwa maandishi, kwa Kiingereza changu cha Handeni, na si la Babu peke yake. Fungu langu lote nikalikatalia. Wakanihamishia chumba cha chini kisicho na dirisha, ninaskani makaratasi ya zamani. Mkataba wangu wanasema utaangaliwa. Uangaliwe! Wakinirudisha, nitakuja kukaa hapo bandani kwako nile mahindi mpaka ufilisike. Na usidhani sina hofu. Usiku nahesabu akiba ya nauli, dada, ila asubuhi narudi kazini.

La Babu limeshatazamwa. Limeachwa wazi, limehamishwa pamoja na picha zake zote za zamani. Yaliyobaki bado wanayajadili, nami nawakumbusha kila wiki kwa upole wa kuudhi, ule niliojifunza kwako.

Babu mwenyewe alikuja kuonana na daktari. Alikuja kwa basi kwa sababu kuendesha gari hajiamini tena, na mbwa wake kwenye kamba. Daktari hakuniambia alichokiona, wala sina haki ya kuuliza. Lakini mzee aliulizia karani wa salamu amekaa wapi, akateremka mpaka kwenye shimo langu. Mrefu, nyusi kama mabua, shati limefungwa vifungo vibaya. Nikasimama.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo," akasema kwa Kiswahili chake cha jiwe mdomoni. Halafu akavuta kiti, akaketi, mbwa akalala juu ya kiatu changu. "Lakini..."

Tukaongea mpaka wakaja kunitafuta.

Sasa tuje kwenye kifua chako. Umeniambia ni moshi wa jiko la mahindi. Dada, juma lililopita ulinipigia alfajiri, kabla hujawasha moto, na ulikohoa mara nyingi kuliko ulivyosema "Rajabu". Mimi si daktari, lakini kikohozi kile nakijua, ni kama cha baba, tulilala nacho chumba kimoja miaka yote ya utoto wetu. Nenda ukapimwe. Kadi watakayokupa usifungie karanga. Unaweza kunikatia simu, unaweza kumtuma mtu aniambie umekwenda msibani Kang'ata, nitapiga tena. Jalada lako nimelifungua, na hilo silifungi ng'o, hata uje na barua ya onyo.

Nisalimie mjomba Mhina, mwambie nguruwe hawatishiki kwa hotuba. Mama mdogo Mwanjaa, kofia aliyonifumia ndiyo inayonivusha. Imebana masikio kiasi kwamba mkuu akinigombeza simsikii vizuri. Shemeji Hoza, mumeo mvumilivu, mpe pole yangu ya kila siku. Na jirani yako Mama Stela, huyo Mshambaa wa maharage, nampa kazi: akusindikize hospitali, na akikuona unageuka njiani, akushike kanga.

Ukinijibu, usiniambie ninyi wazima, hofu ni kwangu niliye mbali. Ruka yote hayo. Anza na "lakini". Salamu tutazileta nyuma yake.

Mdogo wako mkaidi, uliyemlea ukaidi huo mwenyewe,
Rajabu