Waya ya Balbu na Jiko la Koili

Mjukuu wangu Brenda,

Hapa Malava tuko salama. Goti la babu yako limepoa, na mtoto wangu anaota meno, ndiyo maana naandika nikisinzia. Najua unacheka nikikuita mjukuu na mimi sijafika thelathini. Lakini niliolewa na ndugu mdogo wa babu yako, kwa hivyo mimi ni kukhu wako, nyanya yako, na utanisikiliza.

Unauliza kwa nini waya ya jiko la koili ni nene kuliko ya balbu, na kama unaweza kuungia jiko lako hapo hosteli kwa ile nyembamba.

Mwaka nilioolewa, niliwawekea vifaranga balbu ya kuwapa joto kwa waya nyembamba, ikawaka vizuri. Siku shangazi zangu walipokuja kuona boma langu mara ya kwanza, nikachomeka jiko la koili kwa waya hiyo hiyo, chai iive haraka. Maji hayajachemka, plastiki ya waya ikaanza kuyeyuka juu ya mkeka. Nilikimbia kuzima swichi kubwa.

Fundi alipoiona alicheka. "Mama, hii ni njia ya mguu, na wewe umepitisha trekta ya miwa!" Akanieleza kwamba jiko linavuta umeme mwingi kuliko balbu, na umeme mwingi ukibanwa kwa waya nyembamba, waya inapata moto.

Siku hiyo nilipika chai kwa kuni. Ilichelewa sana, na shangazi wakaomba kikombe cha pili.

Kwa hivyo usiunge, Brenda. Leo kunywa maziwa baridi.

Ni mimi kukhu wako, mtoto akiwa begani.