Singeli Msibani

Jumatano, baada ya isha

Nani kawaambia nataka wimbo? Asubuhi nilikuwa napaa samaki, simu nimeibana kwa bega, sauti ya kampuni ya simu inaninadia muziki. Shavu likabonyeza moja. Ujumbe ukaingia: "Hongera, umejiunga." Shavu langu limetia saini mkataba. Tangu hapo kila anayenipigia anasikia singeli badala ya mlio, mimi sina habari.

Alasiri akapiga mama mkwe kutoka Mbegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mimi nimefiwa na dada yangu, mwanangu, nawe unanipigia ngoma?"

Nikaapa kwamba sikuiweka mimi. "Kwani simu si yako?" akauliza, akakata.

Yangu, nimeinunua kwa jasho langu. Wao wameifanya kibaraza chao.

Nikatuma neno la kujitoa. Jibu: salio halitoshi. Kuingia ni bure, kwa shavu. Kutoka shilingi mia. Ningeuza samaki hivyo pale sokoni Dunda, wateja wangenipiga kwa mizani yangu mwenyewe. Nikaongeza salio, nikatuma tena. Wakasema wimbo utaondoka baada ya saa ishirini na nne.

Mazishi ni kesho saa nne asubuhi.

Magharibi wakanipigia tena, sauti ileile ya asali. Kwa shilingi mia mbili naweza kuweka kasida, na inaanza papo hapo. Wezi hawa.

Mama mkwe anaweza kupiga usiku huu kwa shughuli za maiti.

Nimebonyeza moja. Safari hii kwa kidole.