Bolette kamfukuza mama yake

Shoga yangu Naja, uko? Leo nitampasua mtu!

Natoka nyumba ya kufulia. Unajua kijiji kizima tumebaki na mashine moja nzima. Zamu ni yangu. Nachungulia nguo, nakuta Bolette kazitoa zikichuruzika maji, kazitupa nje kwenye theluji! Suruali za mume wangu zimeganda kama mbao!

Namuuliza, una wazimu? Ananijibu, "Mumeo mwindaji gani, hajaua hata sili mmoja tangu bahari igande. Hizo nguo kazichafulia wapi?"

MBELE ZA WATU, Naja!

Benigne wangu, na miaka yake minne, akamwambia, "Zamu yetu hii." Bolette akamshika mkono, akamsukumia nje: "Toka hapa, kinyangarika wewe!"

Kinyangarika!

Nani asiyejua yule mtoto kapewa jina la nani? La marehemu mama yake Bolette! Siku zote Bolette anamwita "mama", anamletea ngozi ya nyangumi ale, anamkatia vipande vidogo vidogo. Leo kamtukana mama huyo huyo, kamtupa kwenye baridi.

Nikambeba mwanangu, nikaondoka.

Sasa huyo Bolette yuko mlangoni kwangu, kakumbatia nguo zangu zilizoganda, analia: "Mama, nifungulie. Mama, nisamehe."

Benigne ananivuta sketi, anataka kufungua.

Nimemjibu Bolette mlango ukiwa na komeo: mama yako kasema hapokei vinyangarika.