Mkeka wa Chilumba

Lindi, Ijumaa

Nimefaulu, na aliyenuna ni Chilumba.

Huyu mtunza stoo wetu ni mtani wangu, Mmakonde asiye na haya. Kila nilipofeli ule mtihani wa juu wa mitandao ya kompyuta, alitandika mkeka mlangoni pa ofisi yangu, akajifunga kanga kichwani na kunililia kama maiti. Watu wakampa rambirambi, akaenda kunywea chai. Mtani hakasirikiwi, basi nilicheka nao huku moyo ukiniuma.

Leo nimerudi kutoka Dar na cheti. Bosi kanipongeza mbele ya wote, kisha akaniomba jioni nipite kwake nikamgeuzie antena ya runinga. Ndiyo kazi ya mtaalamu. Nimesomea kuunganisha kompyuta za majengo mazima, na ofisi yetu inazo mbili. Moja karani ameifunika kitambaa cha kufuma na hataki iguswe, itaingia vumbi.

Nikamwendea Chilumba stoo. Nikamwambia akunje mkeka, marehemu kafufuka.

Akanuna, akakisoma cheti taratibu mpaka chini.

"Mbona hiki kina mwisho? Miaka mitatu kinakufa, urudie mtihani. Mkeka siutupi, mtani."

Miaka mitatu ya kugeuza antena, nitakumbuka nini?

Wakati wa kufunga ofisi nilimwambia autundike mkeka juu, panya wasiufikie.