Wananiombea Niongee

Jumapili, Makwale. Mvua tangu alfajiri.

Leo kanisa zima limeniombea niongee. Nimepiga magoti mbele, mikono ya watu kichwani, nikabana meno. Bubu gani anaogopa kupona? Mimi hapa.

Sikupanga kuwa bubu. Nilivuka mto Songwe kutoka kambi ya wakimbizi, upande wa Malawi, nikaja huku Tanzania kutafuta kibarua cha mpunga. Mama Tumpe aliponiuliza jina, niliogopa lafudhi yangu, nikamjibu kwa mikono. Akanionea huruma, akanichukua nyumbani kwake. Uongo ule sasa umeninasa. Kuandika naandika Kiswahili cha vitabuni, lakini mdomo wangu bado ni wa Kongo. Nikisema "batoto" tu, nimekwisha. Mwenyekiti wa kijiji amekataza watu kulaza mgeni asiye na kibali, na Mama Tumpe anaiogopa serikali sana.

Kwa hiyo wenzangu wanafukuza ndege shambani kwa kelele, mimi nagonga debe.

Tangu mgao wa chakula upunguzwe kambini, akina mama wa mstari wetu wa nyumba tumegawana kazi: mmoja anavuka kutafuta, mwingine anabaki na watoto wa wote. Zamu hii ni yangu. Mchele ninaoupata unawalisha wanangu na wa jirani. Nikirudishwa, hakuna mwingine wa kuijaza sufuria ile.

Nikiwapigia wanangu simu najificha kwenye shamba la kokoa. "Mama, mbona unanong'ona?" mdogo ananiuliza kila mara. Namwambia koo linauma. Nimechoka kuwadanganya watu ninaowapenda.

Baada ya ibada Mama Tumpe kanishika mkono, machozi yanamtoka. "Mwanangu, kuanzia leo sili mpaka useme. Hata neno moja tu."

Na vidonda vyake vya tumbo vile!

Kambini hatufungi, tunakosa. Nilidhani njaa naijua yote, kumbe sijawahi kuwa mimi ninayemshindisha mtu nayo.

Jioni kanipikia wali na samaki. Yeye kakaa na kikombe cha maji, ananitazama mdomo. Wali umenishinda kumeza.

Nina neno moja la Kinyakyusa, lugha ya hapa, nililolizoea, ambalo halina Kongo ndani yake: ndaga, asante. Ningeweza kumwambia hilo kesho asubuhi, naye ale. Atapiga vigelegele, majirani watajaa uani. Na akishamaliza kumshukuru Mungu, atanigeukia aniulize kwetu ni wapi.